Matuta Yangu Kumi

Wiki iliyopita niliinua gunia lililokaa miaka chini ya kitanda changu, nikakuta sakafu imelowa. Bati linavuja upande ule na sikuwa na habari, kwa sababu sifagii huko. Kwenye gunia hilo naweka nguo nilizoziharibu. Mimi ni mshonaji hapa Sumbawanga mjini, na hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kufumua mitumba na kuishona upya, na kwa kutazama video kwenye simu mpaka bando linakata fundi akiwa katikati ya kola. Nguo ikiniharibikia siitupi, lakini pia siitazami. Naikunja, naishindilia kwenye gunia, nalisukuma gunia kwa mguu.

Nilipofungua mdomo wake, ikanipiga harufu. Ilikuwa kati ya ukungu na udongo, harufu ya kitu kilichofunikwa muda mrefu kikiwa na maji ndani yake. Nilikaa chini. Kwa dakika kadhaa sikuwa mtu mzima mwenye cherehani yake. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, nimeingiza mkono hadi kwenye kiwiko ndani ya tuta la udongo, na naogopa kuutoa nione nilichoshika.

Kama ulikulia huku Ufipa, unayajua matuta ninayoyasema, yale ya mviringo ambayo wazee wanayaita ntumba. Mimi sikuyajua. Nilikuwa mtoto wa mjini. Mama alipopata nafasi ya kwenda kusomea ukunga mbali, alinipeleka kwa mama yake, kijiji kimoja upande wa Mpui, nikiwa na begi moja na agizo moja: "Umsaidie bibi, usimsumbue." Nililishika lile neno la pili. Tayari nilikuwa mtoto wa kufuta daftari mpaka karatasi inatoboka. Nikikosea herufi moja kwenye ukurasa, naandika ukurasa wote upya, kisha nachapwa kwa kuchelewa kukusanya.

Bibi yangu alikuwa mfupi, mkali, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani ambaye hata mwalimu wa kwaya hakuthubutu kumrekebisha. Alikuwa mjane. Mwanawe, mjomba Krispin, alikuwa na nyumba yake hatua chache kutoka kwetu, na maksai wawili, na imani kubwa katika mahindi. Alikuwa mtu mwema. Kila msimu alimwambia bibi apumzike, yeye atalima yote, atamletea chakula. Na kila msimu bibi alijibu hivyo hivyo: "Mahindi ni yako, Krispin. Ulezi ni wangu."

Sikuelewa kwa nini ulezi ulikuwa jambo zito kiasi kile. Niliona tu kihenge chake nyuma ya jiko, ulezi wa miaka miwili mitatu umekaa humo bila kuguswa na mdudu, na niliona bibi anavyokipita kila asubuhi na kukigonga kwa kiganja kama anayemsalimia mtu. Leo naelewa. Mjane mwenye ulezi wake hakai akitega sikio kusikia kama kwa mkwewe wamepakua.

Mwaka ule wa kwanza, mvua zikielekea ukingoni na majani yakiwa yamefika kiunoni, bibi alinipeleka shambani akanionyesha. Unakata pande la udongo pamoja na majani yake, unalipindua, majani yanaangalia ndani. Unaliweka jingine kando yake, na jingine, mpaka duara linafunga. Katikati unajaza majani zaidi, juu unafunika kwa udongo. Tuta likikamilika linafika juu ya goti. Unapanda maharage juu yake, unahamia kwenye tuta linalofuata. Basi.

Alinikatia kona. "Kumi haya ni yako," akasema, akaniacha.

Nilitazama ya kwake, nikasikitika. Yalikuwa yameinama, majani yamechomoza huku na huku kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Nikajisemea, bibi amezeeka, mikono imechoka, ngoja nimwonyeshe. Nilichagua majani laini peke yake. Nilikung'uta udongo kwenye mizizi ili ndani pawe pasafi. Nilipigapiga kuta kwa mgongo wa jembe, nikachota maji kijitoni, nikasiriba nje kwa viganja hadi tuta likang'aa. Tuta la kwanza lilinichukua siku mbili. Bibi siku hizo alitengeneza kumi na tisa.

Alipita, akasimama. "Umeshamaliza kusiriba? Mwenye nyumba anahamia lini?"

Nilidhani ni sifa.

Sita ya kwanza niliyafanya hivyo. Manne ya mwisho yalinishinda, kwa sababu wingu zito lilitokea upande wa milima na bibi akapiga kelele nimalize tuondoke. Niliyarundika tu, mapande yakakaa hovyo, majani marefu kwa mafupi. Lile la kumi ndilo lililokuwa aibu kabisa. Nilikuwa na lundo la vitu nilivyovikataa siku zote hizo: magugu yenye mizizi minene, mabua ya mahindi yaliyolowa, na mavi ya ng'ombe wa akina Kabula, jirani zetu wafugaji, waliokuwa wameingia shambani juzi yake. Sikutaka bibi alione lundo lile. Nikalitumbukiza lote ndani ya tuta la kumi, nikafunika, nikakimbia.

Maharage yakaota, yakavunwa. Watu wote wakayasahau matuta isipokuwa mimi. Mtoto akikosa mtu wa kumwambia, hujieleza mwenyewe, na mimi nilikuwa nimejieleza kwamba matuta ndiyo kazi yenyewe. Kwamba yanajengwa ili yakae. Kwamba siku mama akirudi nitamshika mkono, nitampeleka kwenye kona yangu, naye atayaona yamesimama. Kwa hiyo kiangazi chote, katika ule upepo wa baridi unaopasua midomo, nilitoka shule na kopo la maji, nikaenda kuziba nyufa. Yale sita mazuri tu. Manne mabaya sikuyaangalia.

Kabula alinikuta huko. Alikuwa rafiki yangu, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, mrefu kuliko wavulana wote darasani, na alikuwa anapitisha ng'ombe wa baba yake.

"Wewe, unafanya nini?"

"Narekebisha."

"Unarekebisha tuta?" Akaangua kicheko hadi ng'ombe mmoja akageuka. "Umemwekea mlango wapi panya?"

"Nenda na ng'ombe wako."

"Nyie Wafipa mna mambo. Kwetu udongo tunaulima. Nyie mnaupaka mafuta."

Mimi mwenyewe nilikuwa Mfipa wa miezi sita tu, sikuwa na uhakika kama tunaupaka mafuta au la.

Halafu mvua za kwanza zikanyesha. Siku ya pili yake nikarudi kutoka shule kupitia shambani na kumwona bibi na jembe, anabomoa. Safu nzima za matuta zilikuwa zimesambaratishwa, udongo mweusi umetawanywa kila mahali, naye anaendelea, moja baada ya jingine, bila hata kuyatazama. Nilitupa begi nikakimbia.

"Bibi! Kwa nini unayavunja?"

Alinyanyuka akashika kiuno. Alinitazama, akatazama kopo langu la maji, na nikaona jambo likimwingia akilini taratibu.

"Mtoto wewe," akasema, "ulidhani tunajenga kijiji?"

Akacheka. Alicheka hadi akakaa chini, akafuta macho kwa khanga. Alipoona mimi silii kwa mzaha, akaacha. Akanieleza kwa kifupi kwamba majani yameoza ndani, sasa ni chakula cha ulezi, tuta linafunuliwa, linasambazwa, linakwisha. Hiyo ndiyo kazi yake. Kisha akaonyesha kona yangu. Matuta yangu kumi yalikuwa yamesimama peke yake kwenye shamba tupu.

"Hayo siyagusi. Aliyefunika ndiye anayefunua."

Hiyo ilikuwa desturi ya nyumba yake. Mimi nilisikia jambo jingine. Nilisikia kwamba matuta yangu ni mabaya hata jembe la bibi linayaonea kinyaa. Siku nne sikwenda. Mjomba Krispin akapita, akasema, "Mama, nikubomolee hayo ya mjukuu? Dakika tano tu." Bibi akamwambia ana mikono yake, na mjukuu ana yake.

Siku ya tano nikaenda. Nilianza na lile la kwanza, zuri kuliko yote. Jembe liligonga likaruka. Nilipolipasua, nilikuta majani makavu, ya njano, safi, yamelala kama godoro jipya. Hayakuoza hata kidogo. Nilikuwa nimesiriba hadi maji ya mvua hayakupata pa kuingilia. La pili hivyo hivyo. La tatu, la nne, la tano, la sita. Nikawa nalia na kulima, nalima na kulia. Manne ya mwisho niliyapiga haraka bila kutazama. Ndani yake palikuwa peusi na panatoka harufu ile, na katika lile la kumi niliingiza mkono kutafuta sijui nini, nikashika kitu laini, chenye ubaridi, kinachojikunja. Nyungunyungu. Nikapiga kelele, nikatupa jembe.

Unaona jinsi akili yangu inavyofanya kazi, maana haijabadilika. Kati ya matuta kumi, manne yalikuwa yameiva kama inavyotakiwa. Mimi nilirudi nyumbani na sentensi moja tu: sijui kulima. Bibi akapanda ulezi. Mimi nikawa nazunguka njia ya mbali kwenda shule ili nisiione ile kona.

Mwaka uliofuata, majani yakiwa yamepanda tena, bibi aliteleza kwenye tope akitoka misa. Alivunjika mkono wa kulia. Alirudi kutoka hospitali na plasta nyeupe hadi juu ya kiwiko, anajikuna ndani yake kwa ufito wa fagio na kumtukana kila aliyemwambia asifanye hivyo.

Mjomba Krispin alikuja alasiri akakaa kwenye kigoda jikoni. Nilikuwa nachambua maharage.

"Mama, mwaka huu basi," akasema kwa upole. "Lile shamba jingine, lililolala majani, nitaingiza maksai udongo ukiwa bado laini. Nitaweka mahindi. Chakula chako utakula kwangu, mke wangu atakuletea."

Niliona macho ya bibi yanaenda kwenye uwazi wa mlango, kule kihenge kilikokuwa.

"Matuta yatafanywa," akasema.

"Na nani?"

"Na huyu."

Mjomba akanigeukia. Hakuwa mtu wa kudhihaki, lakini ilimtoka. "Huyu? Mama, huyu atatutengenezea matuta mawili, yenye madirisha."

Tulicheka sote watatu. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, na masikio yanawaka.

Wakakubaliana hivi: maksai wa mjomba walikuwa na kazi kwake wiki mbili. Baada ya hapo, Jumatatu, atakuja nao. Penye tuta pataachwa pawe pa ulezi. Pasipo na tuta atalima, na pakishalimwa ni pa mahindi, mwaka huu na labda miaka yote, maana mwili wa bibi hauwi mpya. Mjomba alipoondoka nilibaki nimeshika ungo.

"Bibi, mimi siwezi."

"Kwa nini?"

"Ya mwaka jana yaliharibika."

"Yote?"

"Yote."

Akanyanyuka, akaweka khanga begani kwa mkono mmoja. "Haya. Twende ukanionyeshe yalivyoharibika."

Sikutaka. Nilijaribu kusema maharage hayajaisha. Alikuwa ameshatoka.

Ulezi ulikuwa umefika mapajani na unaanza kutoa vichwa. Tulipofika kwenye kona yangu nilitaka kutazama miguu yangu, lakini bibi akanishika kidevu kwa ule mkono wake mzima akakiinua. Na ndipo nikaona kitu ambacho kilikuwa pale miezi mitatu huku mimi nazunguka njia ya mbali. Kona ilikuwa na mabaka. Mahali pengine ulezi ulikuwa mfupi, umepauka. Mahali pengine ulikuwa wa kijani kizito, umenenepa, kama umeletwa kutoka shamba jingine. Matuta yangu yalikuwa yameandikwa pale juu ya ardhi, moja moja, kwa mpangilio ule ule niliouacha.

"Yaliyoiva ni mangapi?" bibi akauliza.

"Sita hayakuiva."

"Sikukuuliza hivyo."

Nikahesabu. "Manne."

"Uliyafanyaje hayo manne?"

Nilianza kusema sijui. Lakini nilijua. Niliposimama pale, siku ile ya wingu ilirudi yote, hata uzito wa pande la udongo lililolowa na jinsi nilivyoliacha lilivyokaa kwa sababu sikuwa na muda wa kuligeuza. Nikamwambia: sikusiriba. Sikuchagua majani. Sikukung'uta mizizi. Niliacha matundu.

"Eeh," akasema bibi. Akaonyesha lile baka la mwisho, ambalo ulezi wake ulikuwa umeupita mwingine wote kwa uzito wa vichwa. "Na hili ni kwa sababu liko bondeni. Maji yanatelemkia huku."

Bibi alikuwa amekosea, na mimi ndiye niliyekuwa najua. Sikuwahi kuwa katika hali hiyo na mtu mzima.

"Hapana, bibi. Lile niliweka taka."

"Taka gani?"

Nikamwambia. Magugu, mabua, na mavi ya ng'ombe wa akina Kabula, yote niliyokuwa nayaficha asiyaone.

Alilitazama baka lile kwa muda mrefu. "Wale ng'ombe," akasema mwishowe, "niliwasema siku mbili. Baba yake Kabula nilimwambia maneno ambayo hata padri sikumwambia yote." Akajikuna ndani ya plasta. "Basi kamwombe mavi. Mimi siwezi kwenda, nilimtukana."

Mara nyingi nimeirudia ile alasiri. Hakuniambia kwamba ninaweza. Angeniambia nisingemwamini, maana watu kama mimi hatuamini sifa; tunaichunguza kama noti ya bandia. Alinirudisha kwenye kazi yangu mwenyewe na kunifanya niisome. Kabla ya hapo nilidhani kutazama nyuma ni kujichapa. Sikujua kwamba mtu anaweza kurudi kwenye kazi yake ya zamani kama anayerudi kuuliza njia kwa mtu aliyekwishapita. Wiki iliyopita, pale sakafuni, nilitoa kila kitu kwenye gunia nikakitandaza: sketi iliyovuta upande mmoja, gauni la ubatizo lenye shingo kubwa, mashati mawili yenye mkono mmoja mfupi kuliko mwingine. Nilikuwa nimeombwa kushona sare za kwaya moja ya Kasense, na kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe wa kukataa niliouandika mara nne bila kuutuma. Nilikaa na zile nguo hadi chai ikapoa. Shingo ya gauni ilikuwa kubwa, lakini mikono yake ilikuwa imekaa vizuri kuliko mikono yoyote ninayoiona dukani. Nilikumbuka nilivyoikata. Nikafuta ujumbe wa kukataa, nikaandika kwamba nitakuja kuchukua vipimo.

Siku ile ya ulezi, nilikwenda kwa akina Kabula. Baba yake alikuwa amekaa nje anasuka kamba. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikasema bibi anaomba mavi ya ng'ombe.

"Bibi yako?" akauliza. "Yule yule?"

"Ndiyo, baba."

"Amesema tafadhali?"

Nilifikiri. "Amesema alikutukana."

Alicheka hadi kamba ikamtoka. Tangu siku hiyo Kabula akawa anafika shambani na mavi kwenye debe kichwani, analitua, anasimama kunikosoa. "Hili limeinama. Hili lina upara. Hili mbona halina madirisha?" Habari ya madirisha ilikuwa imeshafika kijiji kizima.

Nisijifanye shujaa. Tuta la kwanza nililifanya mara tatu. Kila nilipolimaliza nililiona baya, nikalibomoa. Bibi alikuwa amekaa juu ya debe lililogeuzwa, anakusanya majani kwa mkono wa kushoto, na aliniacha nibomoe. Mara ya tatu lilipoanza kuporomoka, akasema tu, "Lile la kumi la mwaka jana ulilibomoa mara ngapi?" Sikuwa nimelibomoa hata mara moja. Nikaacha tuta limeinama, nikaanza jingine.

Siku ya kwanza matuta mawili. Siku ya pili matatu. Baadaye nikawa namaliza matano kabla jua halijazama, na Jumamosi, siku isiyo na shule, namaliza saba. Kila asubuhi kabla ya shule nilipita kwenye ile kona ya ulezi. Sikwenda kuufurahia. Nilikwenda kuuliza. Mizizi nikung'ute? Tazama baka la pili. Udongo juu uwe mnene kiasi gani? Tazama la nane. Lile la tisa lilinisumbua, maana lilikuwa zuri upande mmoja tu, na siku tatu sikujua kwa nini, hadi nikakumbuka kwamba upande ule nilikuwa nimeishiwa majani nikajazia udongo mtupu. Nilifurahi kama niliyeokota kitu. Mikono ilikuwa na malengelenge, usiku nililala kama gogo, lakini ile sauti iliyokuwa inaniambia sijui kulima ilikuwa haina tena cha kushika. Ikisema hujui, naiuliza: sijui lipi? Inanyamaza.

Ile Jumatatu mjomba Krispin alifika asubuhi na maksai wake wawili na plau. Shule ilikuwa imefungwa siku hiyo, nami nilikuwa shambani tangu alfajiri. Bibi alikuwa kwenye debe lake, mgongo umenyooka, hatazami kokote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Alisimama na fimbo begani. Alitembea kati ya safu, polepole, akigusa tuta hili na lile kwa ncha ya mguu. Nilijua anachokiona: yameinama, yana nywele, hakuna lililofanana na jingine. Akasimama kwenye lile la kwanza.

"Hili baya," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Hilo ndilo baya kuliko yote. Nilikuwa bado sijaelewa. Anza kuangalia kuanzia la tano."

Aligeuka akanitazama, kisha akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameinama kidogo anajikuna ndani ya plasta. Upande wa chini wa shamba palikuwa pamebaki majani, kipande cha kutosha plau kupita mara kadhaa. Kwa makubaliano yetu kilikuwa chake. Maksai walikuwa wanang'oa majani yake tayari.

"Hapa pamebaki matuta mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Utamaliza lini?"

Sikuwahi kumpa mtu siku. Hata shuleni, mwalimu akiuliza nani atafuta ubao kesho, sikunyoosha mkono, kwa sababu kesho ningeweza kuufuta vibaya. Nilitazama majani yaliyobaki. Nikayagawa kwa matuta matano ya siku nzuri na matatu ya siku mbaya, nikaondoa siku moja ya mvua.

"Ijumaa," nikasema.

Mjomba akapiga mluzi, akawageuza maksai kurudi kwake, na plau ikamfuata nyuma ikilala ubavu juu ya majani.

Nilimaliza Jumamosi.